Kumuuguza Mgonjwa Asiyeweza Kujigeuza

Mgonjwa wa kiharusi hulazwa siku chache katika Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, au katika hospitali ya Chake Chake, Wete au Micheweni, kisha huruhusiwa kurudi nyumbani. Akishafika kwao Konde au Kengeja, anayemuuguza ni mke, binti, mkwe au mjukuu. Kijitabu hiki ni chao. Katika miezi inayofuata, mara nyingi kinachomzidi mgonjwa si kile kiharusi cha mwanzo, bali ni chakula kilichopotea njia kikaingia mapafuni, au kidonda cha mgongoni kilichooza. Yote mawili yanaweza kuzuiwa kwa kiasi kikubwa na mtu ambaye hakusomea uuguzi.

Kumgeuza

Nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu. Ikikaa hivyo saa nyingi, hufa. Madhara yanaweza kuanzia ndani, karibu na mfupa, ndiyo maana watu hushtuka ngozi inapopasuka na kukuta shimo. Sehemu za kuangaliwa zaidi ni juu ya makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogo.

Mgeuze kila baada ya saa 2: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Usiifanye adhana kuwa ndiyo saa yako. Kutoka Alfajiri mpaka Adhuhuri hupita zaidi ya saa 6, na kutoka Isha mpaka Alfajiri ni usiku mzima. Andikeni zamu kwenye karatasi, muibandike ukutani, na za usiku mgawane. Mtu mmoja hawezi kuzibeba zote. Atachoka, naye atakuwa mgonjwa wa pili.

Mwambie kabla hujamgusa: "Bibi, nakugeuza sasa." Aliyepoteza kauli anaweza kuwa anasikia na kuelewa kila neno linalosemwa chumbani. Usimvute kwa mkono uliopooza, kwani bega lake limelegea na hutoka mahali pake kwa urahisi. Tandika shuka iliyokunjwa chini yake, kuanzia mabegani mpaka mapajani. Watu wawili waishike, mmoja kila upande, wamnyanyue kidogo, ndipo wamsogeze. Kumburura juu ya mkeka au shuka kavu kunachuna ngozi.

Akilala ubavu, asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mwegemeze kidogo kwa mto nyuma ya mgongo, na mto mwingine uweke katikati ya magoti. Akilala chali, weka mto chini ya miguu, kati ya goti na kisigino, ili visigino visiguse godoro. Godoro la sufi lichambuliwe madonge na kuanikwa juani. Wapo wanaokunja kanga mfano wa kata na kumkalisha mgonjwa juu yake. Kata hiyo hukaza ngozi pembeni na kuzuia damu. Iacheni.

Kila siku unapomwosha, ipapase ngozi. Kwa ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Tafuta mahali palipozidi weusi, palipo na joto, pagumu au panapomuuma. Hapo pasilaliwe tena mpaka papoe, wala pasisuguliwe. Ngozi ikishapasuka, safisha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, funika kwa kitambaa safi, kisha mwite muuguzi wa kituo chenu. Majivu, dawa ya meno na unga wa vidonge vya rangi mbili visitiwe kidondani. Ngozi hujengwa na chakula pia, kwa hiyo mpe samaki, yai, choroko au dagaa anapoweza kumeza.

Kumlisha

Kabla ya kuondoka hospitalini, uliza kama amepimwa kumeza. Nyumbani, asile wala kunywa akiwa amelala, na usimlishe mtu anayesinzia. Mkalishe wima, kidevu kiinamie kifua kidogo, umpe kijiko kidogo kupitia upande wa mdomo usiopooza. Subiri ameze, halafu tazama ndani ya shavu lililolegea. Chakula hubaki humo bila yeye kujua. Maji matupu ni magumu kumeza kuliko uji mzito, kwa sababu hukimbia. Akikohoa, au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, acha kumlisha. Akishamaliza, abaki amekaa nusu saa.

Madafu ni mazuri kwa wengi, lakini mgonjwa wa figo asipewe bila kumuuliza daktari.

Usafi na dawa

Nawa kwa sabuni kabla na baada ya kumhudumia. Mkojo na choo visikae mwilini, maana ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Mwanamke husafishwa kutoka mbele kwenda nyuma. Mfunike kwa kanga, ufunue tu pale unapoosha. Kama ana mpira wa mkojo, mfuko uwe chini ya kiuno chake na usiguse sakafu. Wageni wanaokuja kumtazama wanawe mikono, na dirisha liwe wazi.

Dawa ya presha haikatishwi kwa kuwa mgonjwa amepata nafuu. Ramadhani inapokaribia, nenda kwa daktari akupangie saa za dawa, usizipunguze mwenyewe.

Mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi

Akihema kwa shida, akiwa na homa inayoambatana na kikohozi, asipopata mkojo, akiwa mgumu wa kuamka, akipata degedege, kidonda kikitoa harufu, au uso ukipinda upya na ulimi ukawa mzito. Njiani alazwe ubavu. Chukueni mfuko wenye dawa zake zote, pamoja na za mitishamba, mumwoneshe daktari.