SOMO LA MOTOKAA: JE, CHIPU YA BEI RAHISI YAWEZA KUONGEZA NGUVU YA GARI?

Wakulima wengi wa skimu wana pikapu za kuchukua maziwa, viazi na mbolea. Gari ni msaada mkubwa, lakini petroli hula fedha za mkulima kila juma. Kwa hiyo ni rahisi kumsikiliza mtu anayeuza kijidude kiitwacho chipu, akisema kwamba ukikichomeka chini ya usukani gari litapata nguvu na litapunguza petroli. Kabla hujatoa fedha yako, soma habari hizi.

Chipu huchomekwa wapi? Magari ya siku hizi yana kompyuta ndogo inayoamua petroli kiasi gani iingie katika injini. Chini ya usukani mna soketi ambamo fundi huchomeka chombo chake apate kujua ugonjwa wa gari. Marekani ilizilazimisha motokaa mpya ziwe na soketi ya namna moja kuanzia zile za mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata. Gari la zamani lenye kabureta halina kompyuta hiyo.

Ndani mna nini? Mwaka 2017 wataalamu wa kompyuta wa Ufaransa walifungua chipu moja ya namna hii. Walikuta taa ndogo na kitu cha kuziwasha. Hawakukuta sehemu yo yote ya kuzungumza na kompyuta ya gari. Walisikiliza pia waya za gari chipu ikiwa imechomekwa, nayo haikutuma hata neno moja. Taa zilimetameta tu.

Chipu za namna nyingine huidanganya kompyuta kwamba hewa ni baridi kuliko ilivyo, ili iongeze petroli. Lakini katika bomba la moshi mna kipimo kinachoiarifu kompyuta kama petroli imezidi, nayo huipunguza tena. Kipimo hicho kisipoweza kurekebisha, utachoma petroli zaidi, si kidogo.

Mbona wengine husifu? Mwenye kununua huambiwa aendeshe kilomita 200 hivi ili chipu "ijifunze." Siku hizo huendesha polepole kwa kuwa anaitazama petroli. Mguu wake ndio uliopunguza petroli, lakini sifa huipata chipu. Idara ya mazingira ya Marekani imepima vifaa zaidi ya 100 vilivyosifiwa kupunguza petroli. Ni vichache mno vilivyoonyesha faida, nayo ilikuwa ndogo.

Ni kweli kwamba fundi stadi aweza kubadili programu ya kompyuta ya gari, hasa la dizeli lenye tabo, likapata nguvu. Lakini kazi hiyo hufanywa kwa injini ya namna moja moja, si kwa chipu moja ya kufaa magari yote. Gharama yake si ndogo, injini huchoka zaidi, na mwenye kiwanda aweza kukataa garantii.

Wewe hununui ng'ombe wa maziwa kwa maneno ya mwenyewe. Wataka kumwona akikamwa. Basi lipime gari vivyo hivyo:

1. Jaza tangi pomoni, uandike kilomita.
2. Fanya safari zako za kawaida, kisha jaza tena.
3. Gawanya kilomita kwa lita. Ukienda kilomita 270 kwa lita 30, umepata kilomita 9 kwa lita moja.
4. Rudia mara kadhaa, maana matope na mzigo hubadili hesabu.

Fedha ya chipu itumie hivi: pima upepo wa magurudumu asubuhi kabla gari halijapata joto, badilisha oili kwa wakati, ondoa mzigo usio na kazi, kwa kuwa kilo 45 zaweza kuongeza petroli kwa kadiri ya 1 kwa mia, usikanyage mafuta kwa ghafula. Taa ya injini ikiwaka, nenda kwa fundi.

MASWALI
1. Soketi iliyo chini ya usukani ni ya kazi gani?
2. Kwa nini mwenye chipu huona kama petroli imepungua?
3. Gari lako huenda kilomita ngapi kwa lita moja? Lipime mwezi huu.