Somo la Wanachama: Daftari Lisomwe na Nani?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imebandikwa ukutani katika ofisi nyingi za vyama vya msingi, na makatibu huipenda kwa kuwa yatetea kazi yao. Hata hivyo methali haikusema daftari hilo lisomwe na nani. Chama chaweza kuwa na leja iliyojazwa kwa mwandiko mzuri, stakabadhi zimepangwa kwa namba zake, mizania imefungwa bila tofauti ya senti moja, na bado mali ikapotea. Maana aliyeandika ndiye aliyesoma, na wale waliotajwa humo ndani hawakupata kuliona. Somo la toleo hili lahusu watu waliolitambua jambo hilo, wakalidai, na mwishowe wakachangia kuleta sheria mpya katika nchi yao. Hawakuwa mawakili wala wahasibu. Wengi wao walikuwa vibarua wa kuchimba mitaro na kubeba mawe katika jimbo la Rajasthan, kaskazini-magharibi ya India.

Yafaa kwanza kueleza maana ya chama cha kiraia, kwani neno hili hutumiwa ovyo. Ni kundi la wananchi waliojiunga kwa hiari yao kwa ajili ya jambo linalowahusu watu wote, nalo si tawi la serikali, wala si chama cha siasa kinachotafuta kushika madaraka. Vipo vinavyotetea haki za wafungwa, vipo vinavyoangalia uchaguzi, na vipo vinavyofuatilia fedha za umma. Ushirika ni ndugu yake kwa upande wa hiari, lakini hufanya hasa biashara ya wanachama wake. Chama cha kiraia kazi yake ni kuuliza, na anayeulizwa mara nyingi ni yule mwenye muhuri.

Rajasthan ni nchi kavu. Mvua ikikosekana, serikali huanzisha kazi za kuwaokoa watu na njaa: kuchimba malambo, kutengeneza barabara, kujenga kuta za kuzuia maji. Wanaoziendea kazi hizo ni maskini, na wengi wao ni wanawake. Katika miaka ya 1980 sheria ilikwisha kuweka kima cha chini cha mshahara, lakini vibarua walilipwa pungufu ya kima hicho. Walipolalamika waliambiwa kwamba kazi hupimwa. Fundi wa serikali hupima udongo uliochimbwa, huandika katika daftari la vipimo, na daftari lasema kazi haikutimia. Basi wakaomba kuliona daftari hilo, pamoja na orodha ya mahudhurio iliyoonyesha nani alifanya kazi siku ngapi. Wakajibiwa kwamba hizo ni karatasi za siri, na sheria ya siri za serikali ya mwaka 1923, iliyotungwa wakati wa ukoloni wa Uingereza, ikatajwa kuwa ngao. Hivyo kibarua akawa mtuhumiwa wa uvivu katika shauri ambalo ushahidi wake hakuruhusiwa kuuona.

Tarehe 1 Mei 1990 vibarua na wakulima wadogo wa sehemu hizo waliunda umoja wao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, yaani Umoja wa Nguvu za Wafanyakazi na Wakulima. Miongoni mwa walioanzisha alikuwa Aruna Roy, aliyekuwa ofisa wa ngazi ya juu serikalini akaacha kazi mwaka 1975. Nikhil Dey, kijana aliyeacha masomo ng'ambo. Na Shankar Singh, mwenyeji wa huko, hodari wa kufundisha kwa nyimbo na michezo ya vikaragosi. Tangu mwaka 1987 walikaa katika kijiji cha Devdungri, katika nyumba ya udongo kama za majirani. Watendaji wa umoja waliamua kujilipa kima kile kile cha chini ambacho kibarua alistahili kulipwa, na umoja ukategemea michango ya watu badala ya misaada ya mashirika makubwa. Tena ulifungua maduka ya vyakula ambayo bei zake zilitangazwa wazi, jambo ambalo mwanaushirika yeyote atalielewa bila kuelezwa. Anayetaka kumwuliza mwenzake hesabu hana budi kutandaza zake kwanza.

Chombo walichokibuni ndicho kiini cha somo hili. Kwa Kihindi huitwa jan sunwai, maana yake ni kusikilizwa mbele ya umma. La kwanza lilifanyika tarehe 2 Desemba 1994 katika kijiji cha Kot Kirana, na mengine yakafuata vijijini karibu na hapo katika miezi michache. Utaratibu wake hauna fumbo. Kwanza hutafutwa nakala za hati zenyewe: orodha za mahudhurio, hati za malipo, ankara za saruji na mawe, vyeti vya kukamilisha kazi. Jumla za mwisho wa mwaka hazitoshi, kwa kuwa jumla haina jina la mtu. Kisha hati hizo hupangwa upya kwa kazi na kwa kaya, na watu hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza: je, wewe ulifanya kazi hii? Siku ngapi? Ulipokea kiasi gani? Siku ya baraza hupigwa hema mahali pa wazi, huwekwa kipaza sauti, na hualikwa wageni wasio na upande, kama vile mawakili, walimu na waandishi wa habari, wasimamie mazungumzo. Watumishi wa serikali na viongozi wa kijiji nao hualikwa wajieleze. Wakikataa kuja, baraza huendelea.

Ndipo msomaji husoma mstari baada ya mstari: jina, tarehe, idadi ya siku, fedha zilizolipwa. Mwenye jina husimama akasema ndiyo au siyo. Katika mabaraza hayo yalisomwa majina ya watu waliokwisha kufa na ya waliohama, na wote wameandikwa kuwa walipokea ujira. Zilisomwa hati za majengo yaliyokamilishwa kwenye karatasi, hali majengo yenyewe hayajaisha na wasikilizaji waweza kuyaona kwa macho. Mtu asiyejua kusoma alikuwa shahidi bora kuliko mtaalamu, maana yeye ndiye aliyebeba mawe na kuyahesabu mabehewa kwa mgongo wake.

Makatibu na wakaguzi wapatiwe hapa neno lao. Ukaguzi wa ofisini hulinganisha karatasi na karatasi: ankara na hati ya malipo, hati ya malipo na daftari la fedha taslimu, daftari na taarifa ya benki. Zikipatana, mkaguzi huweka alama ya vyema na kufungua ukurasa mwingine. Ni kazi ya lazima, na isidharauliwe. Lakini mwizi mwenye elimu huanza kwa kuzipatanisha karatasi. Baraza la hadhara hulinganisha karatasi na mtu, na karatasi na tofali. Baada ya mabaraza kadhaa wapo wenyeviti wa mabaraza ya vijiji waliorudisha fedha mbele ya watu, jambo ambalo barua nyingi za maonyo huwa hazikuweza kulileta.

Upinzani ulikuja haraka. Watendaji wa ngazi ya kijiji waligoma kutoa hati. Mwezi Aprili 1995 Waziri Mkuu wa jimbo alitangaza katika Bunge la jimbo kwamba wananchi watapewa nakala za hati za maendeleo ya vijiji vyao. Mwaka mzima ukapita bila amri. Tarehe 6 Aprili 1996 umoja ukaketi barabarani katika mji wa Beawar. Siku hiyo hiyo serikali ikatoa amri ya kuruhusu hati kutazamwa, lakini si kuchukuliwa nakala. Waketi hawakuondoka. Hoja yao ilikuwa nyepesi: hati uliyoitazama ofisini yaweza kesho kuandikwa upya, nawe huna cha kuonyesha. Walikaa siku 40, na wachuuzi wa sokoni waliwaletea mboga na vyakula. Mwaka 1997 waliketi tena, safari hii Jaipur, makao makuu ya jimbo, kwa siku 53. Mwishoni ikatangazwa kwamba amri ya kutoa nakala ilikwisha kuchapishwa katika gazeti la serikali miezi sita nyuma. Haki ilikuwapo, nayo pia ilikuwa imefanywa siri.

Husimuliwa kwamba mwanamke mmoja wa umoja huo, mwenye elimu ndogo, aliulizwa na waandishi wa habari mjini Delhi kwa nini yeye ahangaikie hati za serikali. Akajibu kwamba akimtuma mwanawe sokoni na rupia 10, humwuliza hesabu arudipo. Serikali hutumia fedha nyingi mno kwa jina lake, je, asiulize? Kaulimbiu yao, fedha zetu, hesabu zetu, haikuhitaji maelezo zaidi.

Rajasthan ilipata sheria yake mwaka 2000, ingawa wanakijiji wa Janawad walihitaji zaidi ya mwaka mzima kuzipata hati ambazo zilisomwa hadharani mwaka 2001. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya India nzima ilipitishwa mwaka 2005 na kuanza kazi kikamilifu tarehe 12 Oktoba mwaka huo. Ada ya maombi katika ofisi za serikali kuu ni rupia 10, sawasawa na fedha za yule mtoto wa sokoni. Jibu litolewe katika siku 30, na katika saa 48 iwapo uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Ofisa anayekawia bila sababu hutozwa faini kutoka mfukoni mwake. Sheria nyingine ya mwaka 2005, ya kuhakikisha ajira vijijini, iliweka wajibu wa mkutano wa kijiji kuzikagua kazi zake.

Isidhaniwe kwamba mambo yamekwisha. Mwaka 2010 Amit Jethwa, aliyeitumia sheria hiyo kufuatilia uchimbaji haramu wa madini karibu na msitu wa Gir, aliuawa kwa risasi karibu na Mahakama Kuu ya Gujarat, na wengine waliouliza wamepigwa au kuuawa. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa ili serikali kuu ipange muda wa kazi na mishahara ya makamishna wanaoamua malalamiko; waliopinga walisema mwamuzi amefungwa kamba mguuni.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 18 ya Katiba yataja haki ya raia ya kupewa taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilitungwa mwaka 2016. Kenya nayo ilitunga yake mwaka huo huo, kwa kufuata Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010. Lakini sheria hailetwi mlangoni na tarishi. Katika mikutano mikuu ya vyama vyetu bado husomwa fungu la "matumizi mengineyo" kwa sauti ya haraka, mtu wa nyuma akapendekeza taarifa ipokelewe, makofi yakapigwa, na chakula kikaletwa. Mwanachama anayekubali hayo katika chama chake, ambamo ana hisa na kura, hatakuwa na ulimi wa kuiuliza halmashauri juu ya zahanati ya kijiji.

Kazi ya vikundi vya masomo: kila kikundi kichague malipo mamoja ya msimu uliopita, kwa mfano matengenezo ya ghala au usafirishaji wa magunia. Katibu atoe nakala ya hati ya malipo pamoja na viambatisho vyake. Kikundi kiende kwenye ghala lenyewe, kihesabu mabati yaliyobadilishwa, kisha kimwite fundi, dereva au kibarua aliyetajwa na kumsomea mstari wake. Kama hati haikutolewa, iandikwe siku iliyoombwa na sababu iliyotajwa. Majibu yaletwe kwenye mkutano wa wanachama kabla ya msimu kufunguliwa, nayo yasomwe na mtu asiye mjumbe wa bodi.