Lenzi ya Kamera Moja Juu ya Kamera Nyingine: Somo la Milimeta Chache

Mwezi Mei mwaka 2005 jarida la Science lilitangaza kugunduliwa kwa aina mpya ya kima katika Tanzania. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa wakimfahamu mnyama huyo kwa jina la kipunji, na jina hilo ndilo lililotiwa katika jina lake la kisayansi. Watafiti walimwona mwaka 2003 katika misitu ya Rungwe na Livingstone, upande wa Mbeya. Na mwaka 2004 kundi jingine la watafiti lilimwona katika msitu wa Ndundulu, katika milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Jambo lililozusha mjadala miongoni mwa wataalamu ni kwamba maelezo hayo ya kwanza hayakutokana na mnyama aliyeuawa na kuhifadhiwa, kama ilivyokuwa desturi. Yalitegemea picha. Mwaka 2006, baada ya kipunji mmoja kufa katika mtego uliotegwa shambani, ndipo mwili wake ulipochunguzwa na kumpatia jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus.

Habari hiyo yaonyesha kwamba picha iliyo dhahiri yaweza kuwa ushahidi wa kisayansi. Lakini kipunji hukaa juu mitini. Ikiwa mnyama mwenye urefu wa sentimeta 90 yuko umbali wa mita 30, lenzi ya milimeta 50 itatoa taswira yake yenye urefu wa milimeta 1.5 tu ndani ya kamera. Lenzi ya milimeta 200 itatoa taswira ya milimeta 6, yaani mara nne zaidi. Hapo ndipo shule au chama cha wanafunzi wapenda sayansi hukwama, kwa kuwa lenzi ndefu iliyo mpya ni ghali mno. Kwa upande mwingine, lenzi nyingi za zamani, zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera za filamu, hukaa kabatini bila kazi kwa sababu kamera zake zimeharibika.

Je, lenzi ya kampuni moja yaweza kufungwa kwenye kamera ya kampuni nyingine? Yaweza, kwa kutumia pete ya kuunganishia iitwayo adapta. Hata hivyo, si kila lenzi hukubaliana na kila kamera, na sababu yake ni somo zuri la fizikia ya mwanga.

Mdomo wa kamera na umbali wake

Kila kamera inayobadilishwa lenzi ina duara la chuma mbele yake, mahali ambapo lenzi hushikizwa. Katika makala haya duara hilo litaitwa mdomo wa kamera. Kampuni mbalimbali zilitengeneza midomo isiyofanana. Kamera za Zenit za Umoja wa Kisovieti na Praktica za Ujerumani ya Mashariki zilitumia kwa miaka mingi mdomo wa hesi wenye kipenyo cha milimeta 42, ujulikanao kama M42. Nikon, tangu mwaka 1959, ilitumia mdomo wa kuchomeka na kuzungusha uitwao F. Canon ilileta mdomo wa FD mwaka 1971, kisha ikauacha na kuleta wa EF mwaka 1987.

Kama tofauti ingekuwa katika umbo la mdomo peke yake, fundi yeyote wa mashine ya kukerezea chuma angeweza kuondoa tatizo. Tofauti iliyo kubwa zaidi haionekani kwa nje. Nayo ni umbali kutoka kwenye mdomo hadi mahali taswira inapoangukia, yaani kwenye filamu au, katika kamera za kidijiti, kwenye kihisi cha mwanga. Kila aina ya mdomo ina umbali wake maalumu, na lenzi zake zote hutengenezwa kulingana na umbali huo. Baadhi ya vipimo hivyo ni hivi:

Nikon F: milimeta 46.50
Olympus OM: milimeta 46.00
M42 na Pentax K: milimeta 45.46
Canon EF: milimeta 44.00
Canon FD: milimeta 42.00
Leica M: milimeta 27.80
Canon RF: milimeta 20.00
Sony E: milimeta 18.00
Nikon Z: milimeta 16.00

Kwa nini milimeta moja ni kubwa

Mwanafunzi wa sekondari anaufahamu mlinganyo wa lenzi:

1/f = 1/u + 1/v

Hapa f ni urefu wa fokasi, u ni umbali wa kitu kutoka kwenye lenzi, na v ni umbali wa taswira kutoka kwenye lenzi. Lenzi ya kamera ina vioo kadhaa, lakini kwa hesabu hizi inatosha kuichukua kama lenzi moja nyembamba.

Kitu kilicho mbali sana, kama vile mlima, hutoa taswira mahali penye fokasi hasa, yaani v ni sawa na f. Kitu kikisogea karibu, v huongezeka. Kwa lenzi ya milimeta 50, mtu aliye umbali wa mita 1 atatoa taswira kwenye milimeta 52.6 hivi. Maana yake ni kwamba mpiga picha anapozungusha pete ya lenzi kutoka mlimani hadi kwa mtu aliye mita moja mbele yake, lenzi husogea mbele kwa milimeta 2.6 tu. Safari yote ya kutoka mbali kabisa hadi karibu hufanyika ndani ya milimeta hizo chache.

Sasa ichukuliwe kwamba lenzi ya M42 yafungwa kwenye kamera ya Nikon F. Lenzi hiyo ilitengenezwa ikae milimeta 45.46 kutoka kwenye filamu, lakini mdomo wa kamera uko milimeta 46.50. Hata kama adapta haina unene wowote, lenzi imekwisha kusogezwa mbele kwa milimeta 1.04 kupita kiasi. Ziada hiyo ikiitwa e, basi kitu cha mbali zaidi kinachoweza kuonekana dhahiri hupatikana kutokana na mlinganyo uleule, kwa kuweka v = f + e. Jibu lake ni:

u = (f × f ÷ e) + f

Kwa lenzi ya milimeta 50, u ni milimeta 2,454 hivi, yaani chini ya mita mbili na nusu. Mpiga picha aliye mjini Mbeya ataweza kupiga picha ya rafiki yake aliyesimama mbele yake, lakini Mlima Loleza ulio nyuma ya mji utakuwa ukungu mtupu, hata akizungusha pete ya lenzi namna gani.

Lenzi hiyohiyo ikifungwa kwenye kamera ya Canon EF, mambo hubadilika. Mdomo wa kamera hiyo uko milimeta 44.00, nao ni mfupi kuliko matakwa ya lenzi kwa milimeta 1.46. Pengo hilo huzibwa na pete yenye unene huohuo, na lenzi hukaa mahali pake hasa. Hivyo adapta ni kama njia ya kwenda upande mmoja: lenzi yenye umbali mrefu yaweza kukaa kwenye kamera yenye umbali mfupi, lakini kinyume chake haiwezekani bila kupoteza vitu vya mbali.

Baadhi ya adapta huwa na kioo ndani yake ili kusahihisha kasoro hiyo. Kioo hicho hutawanya miale kidogo na kuipeleka nyuma zaidi, mpaka ikutane kwenye kihisi. Lakini huongeza urefu wa fokasi, hupunguza mwanga, na kikiwa hafifu huharibu ukali wa picha. Ni heri adapta isiyo na kioo kila inapowezekana.

Kamera zisizo na kioo cha ndani

Kamera nyingi za zamani zilizotajwa hapo juu zilikuwa na kioo kilichoinama nyuma ya lenzi ili kumwonyesha mpiga picha kile ambacho lenzi inakiona. Kioo hicho kilihitaji nafasi ya kuinuka na kushuka, na ndiyo sababu umbali wao ukawa milimeta 42 au zaidi. Tangu mwaka 2008 zimeingia sokoni kamera za kidijiti zenye lenzi za kubadilishwa ambazo hazina kioo hicho. Picha huonekana kwenye skrini. Mdomo wa Sony E ulitokea mwaka 2010, na ile ya Canon RF na Nikon Z mwaka 2018.

Kwa kuwa umbali wa kamera hizi ni mfupi sana, karibu lenzi zote za zamani za kamera za filamu hupata nafasi. Lenzi ya M42 kwenye mdomo wa Sony E huhitaji adapta ya milimeta 27.46, ambayo si kitu zaidi ya bomba fupi la chuma lisilo na kioo.

Mambo yanayopotea na yanayobadilika

Adapta ya chuma hubeba lenzi, lakini haibebi mawasiliano kati ya lenzi na kamera. Mtumiaji atazungusha mwenyewe pete ya umbali na pete ya tundu la mwanga. Kwa hiyo lenzi isiyo na pete ya tundu, kama zilivyo nyingi zinazoendeshwa kwa umeme, haifai kwa adapta ya namna hii. Baadhi ya lenzi za M42 zina kipini kidogo nyuma, ambacho kisipobonyezwa huacha tundu wazi daima. Lenzi hizo zahitaji adapta yenye ukingo wa kukibonyeza, au ziwe na swichi ya kuchagua kuendeshwa kwa mkono. Aidha, kamera nyingi zisizo na kioo hukataa kupiga picha zisipotambua lenzi, mpaka mtumiaji aziruhusu katika orodha ya mipangilio yake.

Jambo jingine ni ukubwa wa kihisi. Filamu ya kawaida ina milimeta 36 kwa 24, lakini kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi cha milimeta 24 kwa 16 hivi. Lenzi haibadiliki, bali pembe za taswira hukatwa. Lenzi ya milimeta 200 huona eneo ambalo lenzi ya milimeta 300 ingeliona kwenye filamu. Kwa mtafutaji wa kipunji hiyo ni faida. Kwa mpiga picha wa darasa zima ni hasara.

Kasoro ya umbali nayo ina matumizi. Ziada ile inayoondoa milima huiruhusu lenzi kuvikaribia vitu vidogo. Kwa sababu hiyo zipo pete zinazotengenezwa makusudi ili kuisogeza lenzi mbele. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ina aina 45 za okidi za ardhini, na ua la okidi halihitaji kamera iliyolengwa mbali. Lahitaji lenzi iliyosogezwa mbele.

Kabla ya kununua lenzi ya zamani, ni vyema kuimulika kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyeupe kama za buibui ndani ya vioo ni kuvu, ambao hustawi mahali penye unyevu, kama Tukuyu wakati wa masika. Lenzi ihifadhiwe mahali pakavu penye hewa, wala isifungiwe kwa miezi ndani ya mkoba wa ngozi.

Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji kamera. Vifaa ni lenzi ya miwani ya kusomea yenye nguvu ya +4, ambayo urefu wake wa fokasi ni milimeta 250, karatasi nyeupe, rula, utepe wa kupimia na mshumaa.

1. Katika chumba chenye giza kiasi, lenzi ielekezwe dirishani kwenye kitu cha mbali. Wanafunzi wa Iringa waweza kutumia jiwe la Gangilonga, na wa Mbeya Mlima Loleza. Karatasi isogezwe mpaka taswira iwe dhahiri, kisha umbali upimwe. Lenzi isielekezwe kwenye jua kamwe.

2. Karatasi irudishwe nyuma kwa milimeta 10. Taswira ya mlima itapotea. Hiyo ndiyo hali ya lenzi iliyofungwa kwenye kamera isiyoifaa.

3. Bila kuisogeza karatasi, mwanafunzi mmoja ashike mshumaa unaowaka na kuusogeza polepole mpaka mwali wake uonekane dhahiri. Umbali wa mshumaa upimwe na kulinganishwa na hesabu, ambayo ni milimeta 6,500, yaani mita 6.5.

4. Jaribio lirudiwe kwa milimeta 20. Hesabu ni mita 3.375.

Matokeo yakitofautiana kidogo na hesabu, wanafunzi wajadili sababu: huenda fokasi ya lenzi si milimeta 250 kamili, au rula haikusomwa sawasawa.

Maswali

1. Lenzi ya Canon FD yenye fokasi ya milimeta 50 imefungwa kwenye kamera ya Canon EF kwa adapta isiyo na kioo wala unene. Ni umbali gani wa mwisho utakaoonekana dhahiri? (Jibu: mita 1.3.)

2. Lenzi ya M42 ya milimeta 200 imefungwa kwenye kamera ya Nikon F kwa adapta isiyo na unene. Je, itafaa kwa kipunji aliye mita 30? Itafaa kwa Mlima Rungwe? (Jibu: mwisho wake ni mita 38.7 hivi, kwa kipunji itafaa, kwa mlima haitafaa.)

3. Adapta ya kufunga lenzi ya Nikon F kwenye kamera ya Nikon Z iwe na unene gani? (Jibu: milimeta 30.5.)

Mwanafunzi atakayeweza kujibu maswali haya hatahitaji kuuliza muuzaji kama lenzi fulani "inaingia". Atatoa umbali mmoja kutoka kwa mwingine, na jibu litakuwa mkononi mwake kabla ya fedha kutoka mfukoni.