Mkulo Mkubwa Hauna Mbadala Kitaluni

Mparachichi ulio kwenye miji mingi ya Ngara na Biharamulo ni wa jamii moja na mdalasini, na pia na mkulo, mti mrefu wa misitu ya milimani ambao wataalamu huuita Ocotea usambarensis. Mkulo huota Usambara, Kilimanjaro, Mlima Kenya, na hata Nyungwe katika nchi jirani ya Rwanda. Mbao yake hunukia kamfa na mchwa hawaipendi. Sifa hiyo ndiyo iliyouponza: uchunguzi uliofanywa kwa ndege Mlima Kenya mwaka 1999 ulibaini mikulo zaidi ya 6,700 iliyokatwa. Wapo wanaosema dawa ni kupanda miche mingi. Kupanda ni jambo jema, lakini hakutoshi, na sababu imo ndani ya mti wenyewe. Tunda lake ni dogo, limekaa kwenye kikombe kidogo. Wadudu huliingia likavimba na kuharibika, na mbegu inayopona hupoteza uhai upesi ikikauka. Miaka ya kuzaa vizuri huja kwa nadra. Kwa hiyo msitu wa mkulo hutegemea sana machipukizi yanayotoka kwenye mizizi ya mti mzazi. Moto na mifugo vikipita hapo, au miti inayokua haraka ikiyafunika, shina lililoondoka halipati mrithi.

Wengine watauliza mambo hayo yanaihusu nini Murusagamba ya wilayani Ngara, ambako mtu anawaza kuni na chakula. Wilaya ya Ngara inajua jibu. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na vilima vilivyozunguka kambi ya Benaco vikapoteza miti kwa kuni. Hakuna wa kulaumiwa. Watu walilazimika kupika. Ila ilionekana wazi kwamba mahitaji ya wengi humaliza miti kabla haijapata nafasi ya kuota tena, na mkulo huchelewa kuliko miti mingi. Mikaratusi na migrevilea ya shambani ipandwe kwa kuni na nguzo, maana kila mzigo unaotoka shambani ni mzigo usiotoka msituni. Hata hivyo migrevilea elfu haizai mkulo mmoja. Hoja ya dawa za asili nayo ina uzito, kwani gome la mkulo hutumika kwa kikohozi na tumbo. Lakini gome likichunwa kuzunguka shina lote, mti hufa, na mgonjwa wa kesho hana pa kwenda.

Kwa hiyo fundi au mjenzi akiletewa mbao zinazonukia kamfa, aulize hati ya kusafirishia mazao ya misitu na alama ya nyundo kabla ya kutoa fedha. Zikikosekana, asinunue, na atoe taarifa ofisi ya kijiji au kwa Wakala wa Huduma za Misitu.