Maharagwe Yashindayo Ugonjwa

Katika nyanda za juu za Mbeya na Iringa watu wengi hupanda maharagwe, wapate chakula na fedha za karo. Aina moja ipendwayo sana ni Kablanketi, kwa kuwa huiva upesi na mchuzi wake ni mtamu.

Lakini Kablanketi ina adui. Pengine majani yake huota mabaka ya kahawia yenye ukingo wa manjano, kana kwamba yameunguzwa. Huo si moto wala uchawi. Ni kazi ya bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mvua inyeshapo, matone huvirusha toka jani hata jani, navyo huingia katika vitundu ambavyo jani hupumulia. Tena hujificha ndani ya mbegu. Basi mkulima awekaye mbegu za shamba lililougua, amejiwekea ugonjwa wa mwaka ujao, wala dawa ya kunyunyiza haiponyi mbegu hiyo.

Iko jamii nyingine ya maharagwe, iitwayo tepari, asili yake ni nchi kavu za Meksiko na Marekani. Baadhi yake hustahimili ugonjwa huu. Nawe wajua ya kuwa mtoto hurithi sura ya wazazi wake. Mimea nayo ni vivyo hivyo, na kitu kichukuacho urithi huo huitwa jeni. Wataalamu walioko Kolombia walipata aina iitwayo VAX 4, yenye ustahimilivu uliotoka kwa tepari. Kisha, katika miaka ya 2010, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, waliichanganya na Kablanketi.

Kuchanganya ni hivi: hufungua kitumba cha ua kabla halijachanua, huondoa vifuko vya chavua, kisha hupaka chavua ya mmea wa pili. Katika uzao wake, mche mmoja hurithi utamu, mwingine ustahimilivu. Watafutwao ni wale wachache wenye vyote viwili. Siku hizi jani changa hupimwa, ikaonekana kama lina alama ya jeni itakiwayo.

Kazi hiyo yataka miaka mingi. Kituo cha utafiti cha Uyole, karibu na mji wa Mbeya, nacho kimewapa wakulima aina mpya, kama Njano Uyole. Nawe usikae bure: chagua mbegu za mimea mizima, usipande maharagwe mahali pamoja kila mwaka, wala usipite shambani majani yakiwa na maji.

Maswali
1. Bakteria hufikaje katika shamba jipya?
2. Kwa nini Kablanketi ilichanganywa na VAX 4?
3. Tazama maharagwe ya kwenu. Je, majani yake ni mazima?