SOMO: PIKIPIKI YA CHAMA NA BARIDI YA NYANDA ZA JUU

Madhumuni: Katibu na wanachama waelewe kwamba mavazi ya baridi ni kifaa cha kazi.

Mwendeshaji aondokaye Buguruni mwezi Julai kwenda Njombe akiwa na shati moja hujitia hatarini. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Njombe iko karibu mita 2,000 juu yake. Kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi, na upepo wa mwendo huzidisha baridi mwilini. Akishapanda Kitonga, na hasa akipita Makambako, vidole hufa ganzi na mkono huchelewa kukamata breki. Hapo chama huweza kupoteza mtu na mali.

Kwa hiyo:

1. Chama kimpatie glavu, koti lisilopitisha upepo, soksi nzito na kofia ya kinga.
2. Upepo wa matairi upimwe yakiwa yamepoa.
3. Vidole vianzapo kufa ganzi, asimame ajipashe moto. Asinywe pombe, kwani hulitoa joto mwilini upesi zaidi.

Maswali ya kujadili: Je, makisio ya chama chenu yana fungu la mavazi haya? Ni nani huyakagua kabla ya safari?