CHEKENI MPATE PUMZI
Somo la afya kwa vikundi: mazoezi ya kicheko na kupumua

Somo letu la leo ni la viongozi wa vikundi: vya akina mama, vya vijana, vya wazee, na hasa vya wale wanaouguza wagonjwa nyumbani. Katika mikutano yetu tunaongea habari za mbegu, karo, mikopo na maji. Ni vizuri. Lakini wengi wanaoketi hapo wamechoka. Usingizi hauji, mabega yamekaza, kichwa kinauma, na ukimwuliza mtu hali yake atakuambia, "Niko sawa tu." Kumbe hayuko sawa.

Zoezi tutakalojifunza halihitaji pesa wala chombo chochote. Linahitaji pumzi, mikono miwili, na watu ambao hawataaibishana. Huko lilikoanzia linaitwa yoga ya kicheko. Tutaangalia lilitoka wapi, linafanya nini mwilini, halifai kwa nani, na vile kiongozi anaweza kuliongoza bila kumwumiza mtu.

LILIANZIA WAPI?

Tarehe 13 Machi 1995, daktari mmoja wa mji wa Mumbai, India, jina lake Madan Kataria, alienda kwenye bustani ya umma asubuhi akawaomba watu wacheke pamoja naye. Alikuwa akiandika makala juu ya faida za kicheko, akaona heri ajaribu kwanza badala ya kuandika tu. Wengine walimwona kama amerukwa na akili. Kundi lilianza na watu watano.

Siku za kwanza walisimama kwa duara, mmoja mmoja akatoa kichekesho. Watu walifurahi, na kundi likakua. Lakini baada ya wiki mbili hivi vichekesho vizuri viliisha. Vikabaki vya kudharau watu na vya matusi, na wengine wakachukizwa wakataka kuondoka. Hapo Dkt. Kataria akatafuta njia nyingine: watu wacheke bila kichekesho, kama vile mtu anavyoruka kamba au kunyoosha viungo. Alijua kwamba mtu akianza kwa kuigiza, na anatazamana na wenzake machoni, kicheko cha kweli hufuata chenyewe. Mke wake, Madhuri, alikuwa akifundisha yoga, kwa hiyo wakachanganya kicheko na kupumua kwa kina. Ndiyo sababu ya jina hilo.

Januari 1998 vikundi vya Mumbai viliadhimisha Siku ya Kicheko Duniani kwa mara ya kwanza. Sasa siku hiyo huwa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Mei, na vikundi vya namna hii viko katika nchi nyingi.

Angalieni somo lililo ndani ya habari hii. Kichekesho kinahitaji mtu wa kuchekwa, na mara nyingi ni yule mnyonge: mwenye kigugumizi, mjane, mtu wa kabila lingine. Lakini zoezi la kicheko halimcheki mtu. Watu wanacheka pamoja, hawachekani. Kiongozi akisahau jambo hili, afadhali asianze.

MWILI UNAFANYA NINI?

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana unaoitwa kiwambo. Ukivuta pumzi, kiwambo hushuka na tumbo hutoka nje kidogo. Ukitoa pumzi, hupanda. Mtu mwenye wasiwasi hupumua kwa kifua cha juu, haraka haraka, na hewa kidogo. Kicheko cha tumboni hukisukuma kiwambo tena na tena, hewa nyingi ikatoka, na pumzi inayofuata inaingia kwa kina. Na ukitoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo hupungua kasi na mwili unatulia. Hii ndiyo kazi ya sehemu ya kupumua, kwa hiyo msiiruke mkikimbilia kucheka.

Jambo la pili ni maumivu. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitangaza kwamba watu waliocheka pamoja kwa kutazama vichekesho walivumilia maumivu zaidi kuliko walivyovumilia kabla ya kucheka. Walieleza kwamba ubongo hutoa kemikali zinazoitwa endofini, ambazo hupunguza maumivu na kumfanya mtu ajisikie karibu na wenzake.

Mwandishi mmoja Mmarekani, Norman Cousins, aliugua sana viungo mwaka 1964. Baadaye aliandika kwamba dakika 10 za kucheka kwa nguvu zilimpa saa mbili za usingizi bila maumivu. Alipona, lakini madaktari wamebishana ni nini hasa kilichomponya. Kwa hiyo tusikimbie kusema kicheko kinaponya magonjwa. Utafiti mwingi juu ya yoga ya kicheko umefanywa kwa vikundi vidogo. Tunachoweza kusema kwa uaminifu ni hiki: husaidia wengi kupunguza mkazo, huchangamsha roho, na huleta watu pamoja. Hakiui viini vya malaria. Hakishushi sukari ya mgonjwa wa kisukari aliyeacha dawa. Mtu wa presha akijisikia vizuri baada ya zoezi, aendelee kumeza dawa zake kama alivyoagizwa. Presha inaweza kuwa juu na mwenyewe asijue, huku anacheka. Kuna watu wamepatwa na kiharusi kwa sababu walijisikia vizuri wakaacha dawa. Kiongozi alitangaze hili kila mara, hata kama watu wanasema wamelisikia.

KICHEKO KINAPOKUWA KILIO

Kuna habari moja ya hapa kwetu Afrika Mashariki ambayo kila kiongozi aijue. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kunyamaza. Wengine wakafuata. Katika wanafunzi 159, walioshikwa walikuwa 95. Ilipofika tarehe 18 Machi shule ilifungwa, na wasichana waliporudi makwao hali hiyo ikaenea vijijini. Wengine walicheka na kulia kwa saa chache, wengine kwa siku kadhaa. Madaktari walichunguza, hawakuona sumu wala viini vya ugonjwa.

Dunia nzima imesimulia habari hii kama mzaha. Lakini wale watoto hawakuwa na furaha. Watafiti waliofikiria jambo hili wanaona lilitokana na mkazo mkubwa wa moyo, kwa watoto ambao hawakuwa na njia nyingine ya kusema. Mwili ulisema badala yao.

Kwa hiyo katika kikundi chako, mtu akicheka halafu akaangua kilio, usishangae na usimnyamazishe. Mwache akae chini, mtu mmoja anayemwamini akae naye. Usimwulize mambo yake mbele ya watu. Baadaye mtafute polepole, umsikilize. Aliyefiwa juzi asilazimishwe kucheka. Kulia pia ni dawa, na kila jambo lina wakati wake. Mtu ambaye hali wala halali kwa wiki mbili, au anayesema afadhali afe, huyo asingoje zoezi la wiki ijayo. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

JE, YOGA INARUHUSIWA KWETU?

Swali hili litaulizwa, na ni haki kuliuliza. Yoga ilitoka India, na huko ina mizizi katika dini. Ndugu wengine hawana raha hata na jina lenyewe. Zoezi tunaloeleza hapa halina sala, sanamu wala maneno ya ibada ya dini yoyote. Ni kupumua, kupiga makofi na kucheka. Kikundi kikitaka kuliita "mazoezi ya pumzi na kicheko", hakuna kinachopotea. Na ambaye dhamiri yake bado inamkataza, aachwe kwa amani bila kuitwa mshamba. Wale wanaopenda Maandiko wasome Mithali 17:22, waone moyo wa furaha umefananishwa na nini.

WASIOFAA KUFANYA

Kabla ya kuanza, kiongozi asome orodha hii kwa sauti. Wafuatao wakae watazame, au wafanye sehemu ya kupumua polepole tu, mpaka waulize daktari au muuguzi:

- Mwenye ugonjwa wa moyo, au presha ambayo haijadhibitiwa.
- Mwenye ngiri (henia), au bawasiri inayotoa damu.
- Aliyefanyiwa upasuaji miezi mitatu iliyopita, pamoja na mama aliyejifungua kwa upasuaji.
- Mama mjamzito.
- Mwenye kifafa, au maumivu makali ya mgongo.
- Mwenye ugonjwa mkubwa wa akili.

Akina mama wengine mkojo huwatoka wakicheka, hasa baada ya kuzaa mara nyingi. Wengi huona aibu, hawasemi. Mama kiongozi awaambie wakiwa peke yao kwamba hali hiyo ina matibabu, wasiifiche.

Na mwenye kikohozi abaki nyumbani siku hiyo. Kicheko hurusha mate na hewa kwa nguvu, na kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa. Fanyieni zoezi nje chini ya mti, msijifungie chumbani. Anayekohoa wiki mbili au zaidi aende akapimwe makohozi.

JINSI YA KUONGOZA (DAKIKA 20 HADI 30)

1. Simameni kwa duara, mkono usimguse jirani. Kiongozi aseme: "Hakuna kumcheka mtu. Ukiumwa au ukichoka, kaa."

2. Makofi. Pigeni makofi viganja vikigusana vizima: mbili, kisha tatu. Semeni pamoja, "Ho-ho, ha-ha-ha." Sauti itoke tumboni, si kooni. Anayejua makofi ya kilo hatashindwa na haya. Dakika mbili.

3. Pumzi. Weka mkono mmoja tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo litoke. Toa polepole kwa mdomo ukihesabu hadi 6. Rudia mara tano. Usilazimishe. Ukipata kizunguzungu unapumua haraka mno: acha, kaa, pumua kawaida.

4. Kicheko cha salamu. Tembeeni, mshikane mikono, mtazamane machoni, lakini badala ya "Habari?" chekeni tu. Mahali ambapo kijana hawezi kumshika mkono mkwe wake, ainame kwa heshima na acheke kwa mbali.

5. Pumzi tena mara mbili. Baada ya kila kicheko rudini kwa pumzi.

6. Kicheko cha chai. Jifanye una vikombe viwili. Mimina kutoka kimoja hadi kingine kama mtu anayepoza chai, ukisema "Eeee", kisha unywe na ucheke kichwa kikiinuka.

7. Kicheko cha simu. Weka mkono sikioni kama unayeongea na simu, cheka kana kwamba umeambiwa deni lako limesamehewa.

8. Kicheko cha simba. Fungua mikono kama makucha, toa ulimi, unguruma na kucheka. Wazee hupenda hiki kuliko vijana.

9. Kicheko kinachopanda. Anza na tabasamu, kisha kicheko kidogo, kisha kikubwa, halafu mshuke polepole mpaka tabasamu tena.

10. Kutulia. Kaeni au mlale chini, macho yamefungwa. Pumueni polepole dakika tano bila maneno. Sehemu hii isikatwe hata kama mvua inakuja. Hamieni kwenye veranda mmalizie.

Vicheko vyote kwa jumla visizidi dakika 10 hadi 15. Msidhani vinatosha badala ya mazoezi mengine. Watafiti wa Marekani walipima wakaona dakika 10 hadi 15 za kucheka hutumia kalori 10 hadi 40 tu. Kutembea na kulima bado ni lazima, na mboga pia.

Wiki ya kwanza watu wataona aibu, na wanaume watasimama nyuma wakiwa wamekunja mikono. Msiwavute. Anzeni na wanaotaka. Mara moja kwa wiki, kabla ya mkutano, yatosha kuanza. Anayeuguza mgonjwa nyumbani anaweza kufanya hatua ya 3 kila jioni peke yake, hata akiwa jikoni anangoja maji yachemke.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani huchekwa mara nyingi? Tutafanya nini ili zoezi hili lisimwumize?
2. Wasichana wa Kashasha walikosa njia ya kusema shida zao. Watoto wetu shuleni wana njia gani?
3. Ni nani kati yetu anayemeza dawa za presha au kisukari? Tutamkumbushaje bila kumtangaza?
4. Ni nani anauguza mgonjwa peke yake? Nani atamshikia zamu saa moja kila wiki ili naye aje?

Swali la mwisho lisipite bila jibu. Andikeni jina la atakayeshika zamu, na siku yake, kabla hamjafunga mkutano. Kicheko kitampa yule mama pumzi ya nusu saa, lakini jirani akimshikia zamu atapumzika kweli kweli. Fanyeni yote mawili.